Boti Lisilobeba Walio Hai

Kama wiki iliyopita hukunisoma, usijali, hujapoteza kitu. Aliyepoteza ni mimi.

Nilipoteza kazi kwa mpiga chapa kwa sababu ya mzaha mmoja kuhusu tumbo la bosi. Bosi alikuwa nyuma yangu, na tumbo lake lilikuwa limetangulia. Kwa kupoteza kazi nikapoteza chumba cha Kibera, nikahamia huku Kabiro, Kawangware, kwenye chumba ambacho ukinyoosha mguu mmoja unakuwa mgeni wa jirani. Na mke wangu Apiyo, mwenye mimba kubwa, nikamrudisha kwa mama yake kisiwani Mfangano, akale samaki badala ya kula mizaha yangu.

Nilikuacha pale shangazi yake Apiyo, Awiti, anayeuza omena, vile visamaki vya ziwani, soko la Kawangware, alipotoka ziwani na gunia lake kichwani, akalitua mlangoni pangu na kusema, "Oketch, kaa chini kwanza."

Mimi ndiye Oketch. Nilikaa chini.

"Miguu ya mke wako imevimba kama mihogo," Awiti akasema. "Anaona nyota mchana. Nesi wa zahanati amesema damu imepanda. Lazima avuke, aende hospitali ya misheni kule ng'ambo, apasuliwe, mtoto atolewe. Kuchelewa ni kuwapoteza wote wawili."

"Sasa mbona hajavuka?"

"Avuke kwa mabawa? Wavuvi wamekataa. Wanasema mwenye mimba akipanda mtumbwi wa nyavu, samaki wanahama. Na hata wangekubali, mtu wa hali ile hawezi kukaa ndani ya mtumbwi na mawimbi ya siku hizi. Ni boti tu."

"Si boti lipo?"

"Lipo. Limelala."

"Na yeye Apiyo anafanya nini?"

"Amelala tu, redio karibu na sikio, anasikiliza matangazo ya vifo kama kawaida yake. Nesi amesema asishtuliwe, Oketch. Umesikia? Hata mlango usibamizwe karibu naye."

Nilisikia. Laiti ningesikia vizuri.

*

Duka lenye simu hapa Kabiro ni la Mumbua, mama wa Kikamba asiyecheka. Nilimwomba, akanitazama kama anayepima unga, akanisogezea simu. Opareta akaniunganisha na ofisi ya boti kule Kisumu.

"Nataka kuhifadhi nafasi," nikasema. "Kutoka Mfangano hadi Mbita. Mtu mmoja. Ama mmoja na nusu."

"Siku ya soko," sauti ikajibu.

"Leo ni Jumamosi, bwana. Soko ni Alhamisi!"

"Dizeli hakuna. Kwani huko Nairobi hampangi foleni? *Nyar Nam*, boti letu, linavuka mara moja kwa wiki, siku ya soko, basi."

"Lakini kivuko chenyewe ni kifupi! Mtu anakula muwa, hajatupa ganda, amefika."

"Basi ale muwa polepole, angoje Alhamisi."

Yaani nilikuwa nimekutana na mwenzangu wa mdomo. Siku nyingine ningempenda.

"Ndugu yangu," nikasema, "ni mgonjwa. Mke wangu. Hafiki Alhamisi. Hakuna safari ya pekee?"

"Ipo. Ya D.O., mkuu wa tarafa, na ya maiti."

"Mke wangu si D.O."

"Basi omba asiwe yule mwingine."

Nadhani yule bwana mwenyewe aliona aibu, maana aliposema tena sauti ilikuwa imeshuka. "Si mimi, bwana. Ni amri. Wagonjwa wakiruhusiwa, kila mtu atakuwa mgonjwa."

"Na maiti mnamhifadhia nafasi vipi?"

"Umoja wa ukoo wenu unapiga simu. Mwenyekiti anataja jina, sisi tunawasha injini, sanduku linavushwa. Hao hawangoji."

Nikarudisha simu. Mumbua akaniuliza kama nimepata. Nikamwambia, "Mama, katika nchi hii aliye hai ndiye anayepanga foleni."

Hakucheka.

*

Mwenyekiti wa umoja wa ukoo wetu ni Jaduong' Nicanor, yaani Mzee Nicanor, fundi viatu wa Makina, kule Kibera. Anafanya kazi kwenye baraza la duka la mzee mmoja wa Kinubi, karibu na msikiti, na wakati wote ana misumari midogo midomoni, ameibana kwa midomo kama mtu anayekula miiba. Ukimsalimia anajibu kwa nyusi.

Jumapili mchana ukoo hukutana hapo hapo. Nilifika wakiwa wengi, nikasimama mbele yao, nikaeleza habari ya Apiyo, miguu, nesi, boti.

"Naomba umoja upige simu," nikasema. "Wao wanawaheshimu nyinyi."

Jaduong' akatema misumari kiganjani. Hapo ndipo unajua jambo ni zito.

"Nyathina, mwanangu," akasema, "mimi nakuonea huruma. Lakini umoja huu ni wa kuzika. Tuliuanzisha ili mtu wetu asitupwe makaburi ya Lang'ata kama mtu asiye na kwao. Tukianza kubeba wagonjwa, ukoo mzima utalala kitandani."

"Jaduong', akifa mtambeba?"

"Hilo si swali! Mke wa mtu huzikwa kwa mumewe. Hata afie kwa mama yake, tutamvusha, tumlete mpaka boma lenu. Hapo hatuulizi dizeli."

"Yaani mnangoja afe."

"Chunga mdomo, kijana. Mgonjwa ana mume. Maiti ndiye mwenye ukoo."

Watu wakaitikia kwa vichwa, kama kanisani. Mimi nikatoka. Nikaenda nikasimama karibu na mfereji ambapo akina mama walikuwa wanateka maji. Nikajaribu kufikiri. Kila nilipofikiri niliona miguu kama mihogo.

Wewe msomaji unanijua. Mdomo wangu hutangulia, kichwa hufuata kikiwa kimechelewa basi. Nikarudi barazani. Machozi yalikuwa ya kweli, hayo naapa. Jaduong' akaniona, akauliza, "Nini tena?"

"Amekufa," nikasema.

"Nani?"

"Apiyo. Kuna mtu wa kwao amenikuta hapo mferejini. Amekufa asubuhi."

Mama mmoja akapiga yowe. "Yawa! Apiyo nyathi maber, mtoto mzuri!" Wengine wakampokea. Jaduong' Nicanor akavua kofia, akaja akanishika mabega yote mawili.

"Nisamehe kwa yale niliyosema," akaniambia. "Nisamehe, mwanangu."

Hapo ndipo ningesema ukweli. Lakini tayari alikuwa anapiga makofi kuita watu. Wewe, kapige simu Kisumu. Wewe, nenda redioni, tangazo lisomwe. Wewe, katafute sanduku. Wewe na wewe mtasafiri kesho na mfiwa atabaki, bado hana nguvu. Lile boti nililolililia tangu jana, wao walilipata kabla chai haijapoa. Jumanne asubuhi. Safari ya pekee.

Mpango wangu ulikuwa mzuri, usinicheke. Boti litafika kisiwani, Apiyo atapanda kwa miguu yake, atavuka, atapasuliwa, atapona. Halafu ukoo utanipiga, na mimi nitapigwa nikiwa nacheka. Nani amewahi kukasirika hadi mwisho kwa sababu mtu hakufa?

Awiti nilimweleza nyuma ya kibanda chake cha omena. Akanipiga kofi moja lenye harufu ya ziwa.

"Mtu aliye hai haitwi jina hilo, Oketch! Umekifungulia kifo mlango!"

"Shangazi, nipige la pili halafu panda basi. Uwafikie kabla ya boti. Wewe wavuvi watakuvusha. Mwambie mama mkwe wangu kila kitu. Boti likija, Apiyo apande."

"Wakiuliza maiti iko wapi?"

"Waambie imefufuka. Kwani wao si Wakristo?"

Akachukua leso yake, akaenda stendi bila kuniaga.

*

Aliyepewa kazi ya sanduku alikuwa Khamala, seremala, jirani yangu hapa Kabiro. Mtu wa Bungoma, rafiki yangu wa kutaniana. Yeye hutengeneza vitanda, na mbao zikibaki anatengeneza masanduku. Husema ni kazi moja, tofauti ni kifuniko.

Siku hiyo hakutania. Alinipokea karakanani mwake na kamba ya kupimia.

"Pole sana, shemeji. Urefu wake?"

Nikaonyesha kidevuni kwangu. "Ananifika hapa."

"Upana?"

Nikafungua mikono. Ilikuwa saizi niliyozoea kumkumbatia kabla ya mimba. Nikaifungua zaidi. Khamala akapima kati ya viganja vyangu, na kamba yake ikagusa kidole changu cha pete.

"Na huyu mdogo?" akauliza kwa sauti ya chini. "Kwetu mama na mtoto hatuwaziki ndani ya sanduku moja. Wanatenganishwa kwanza. Kwenu pia ni hivyo, ama? Nijue kama nitengeneze dogo pia."

Dogo.

Nilikaa chini kwenye takataka za randa. Nikamwambia yote. Khamala akanisikiliza, kamba imening'inia mkononi.

"Yaani yuko hai?"

"Yuko hai."

"Na mimi nimempima?"

"Umepima mikono yangu."

"Ni yeye nimempima!" Akatupa kamba kama nyoka. "Shemeji, baba yangu alikuwa seremala. Aliniambia, sanduku likishapimwa mtu halirudi bure. Kwa nini hukuniambia kabla? Ningepima mlango! Ningepima mbuzi!"

"Litengeneze tu. Lisipokwenda, watajua."

Alilitengeneza. Sijawahi kumwona akifanya kazi bila kupiga mluzi. Jumatatu asubuhi likafungwa juu ya basi, pamoja na nyundo na misumari ndani ya karatasi ya gazeti. Watu wawili wa ukoo wakapanda. Sanduku tupu likaondoka Nairobi likionekana limefurahi kusafiri.

*

Mchana wa Jumatatu nilikuwa dukani kwa Mumbua, nimeegemea kaunta. Kwa mara ya kwanza wiki hiyo nilikuwa na njaa, nikaona ni dalili nzuri. Nikaagiza maandazi.

Redio ya Mumbua ilikuwa inaimba. Kisha wimbo ukakatika, ukapigwa ule muziki wa huzuni, na mtangazaji akaanza kwa Kijaluo. *Tunasikitika kutangaza kifo cha Apiyo, mke wa Oketch wa Kawangware, Nairobi, kilichotokea ghafla nyumbani kwa wazazi wake, Mfangano...*

Mumbua hajui Kijaluo, lakini majina aliyasikia. Akaniangalia. Andazi lilikuwa limesimama njiani, halijafika mdomoni.

Mimi nilikuwa nahesabu barabara. Awiti alikuwa bado yuko ndani ya basi, ama ukingoni anabembeleza wavuvi. Redio haipandi basi. Redio ilikuwa imeshavuka.

Na huko Mfangano, kwenye mkeka, mwanamke aliyekatazwa hata kushtuliwa na mlango alikuwa amelala na redio karibu na sikio.

Apiyo hakosi matangazo hayo. Tulipokuwa Kibera nilikuwa namtania, "Wewe unasikiliza vifo kama watu wengine wanavyosikiliza mpira." Naye alikuwa ananijibu, "Hizo ndizo salamu peke yake ninazopata kutoka kwetu." Amesikia kifo cha jirani, cha mwalimu wake, cha binamu. Leo amesikia chake, na ameambiwa na mimi.

"Oketch," Mumbua akasema, "pole. Hukuniambia."

Nikasema, "Mama, naomba simu." Lakini kisiwani hakuna simu. Nilisimama nimeshika mkono wa simu, sina nambari ya kumpa opareta, naye anauliza, "Wapi? Wapi, tafadhali? Wapi?"

*

Jumanne asubuhi nilikuwa nimesimama mlangoni kwa Mumbua kabla hajafungua. Khamala alikuja akasimama nami. Alikuwa na vumbi la mbao kwenye nyusi.

Tulipiga Kisumu. Laini ikawa na shughuli. Tukapiga tena. Mwishowe nikamsikia yule yule bwana wa muwa.

"Ofisi ya boti."

"*Nyar Nam* limevuka?"

"Nani mwenzangu?"

"Mimi ni mume wa... ni mfiwa."

"Aa. Pole sana, bwana. Ni wewe wa Jumamosi? Pole. Sikujua mdomo wangu..." Akakohoa. "Boti limeng'oa nanga Mfangano sasa hivi. Nahodha ameniita kwa redio. Linakuja Mbita na watu wenu."

"Kuna mwanamke amepanda? Mwenye mimba? Amepanda kwa miguu yake?"

"Mwenye mimba?" Akasita. "Bwana, wanawake wamepanda kadhaa, wanalia. Mwenye mimba sijaambiwa. Limepanda sanduku."

"Hilo lilikuwa tupu. Linarudi tupu."

"Sijui linarudi vipi. Sanduku tupu mtu mmoja anaweka begani. Hili nahodha anasema wanaume sita wamelipandisha, tena polepole, kama wamebeba mayai."

Nikainama juu ya kaunta kuisogelea simu. Khamala akanishika shati kwa nyuma.

"Kuna kitu kimoja lakini," yule bwana akaendelea. "Nahodha ameniomba nikuulize, maana anaogopa mawimbi. Wenyewe wamekataa kifuniko kipigiliwe misumari. Kuna mama mmoja, mwenye leso, sijui ni shangazi, amekaa hapo kando, amekiegemea, anatukana kila anayesogea na nyundo. Ni desturi yenu ama...?"

Laini ikakatika.

Nikamgeukia Khamala. "Misumari uliwapa?"

"Niliwapa."

"Ya kutosha?"

"Ya kutosha na ya kubaki." Kisha nikaona uso wake unabadilika. "Shemeji. Boti lile linabeba nini peke yake?"

"Maiti."

"Na aliye hai wangemkubali?"

"Hapana. Wangemshusha."

Nilitaka kucheka na sikuweza. Awiti, mwuza omena, mwenye kofi la ziwa! Inawezekana amemlaza humo akiwa hai, avuke kama bibi harusi ndani ya ubao wa Khamala. Inawezekana pia wanafungua kifuniko ili mama amtazame binti yake mpaka mwisho wa maji. Sikujua.

"Nani anawapokea Mbita?" Khamala akauliza.

"Wazee wa kwetu. Wana lori."

"Lori linaenda wapi?"

"Nyumbani. Kaburini."

"Hilo sanduku nimelitengeneza mimi, nalijua," akasema. "Barabara zenu ni mashimo matupu. Hakuna mzee atakayeliweka kwenye lori kifuniko kikiwa kinacheza. Watalipigilia hapo hapo ukingoni, na hawatamsikiliza mwanamke. Kama dada yule amezimia humo ndani, nani atajua? Nani anaweza kuwaambia waende hospitali kwanza?"

"Jaduong' Nicanor. Wanamsikiliza yeye tu."

"Basi unangoja nini? Hicho kivuko chenu si ni kifupi!"

Tulikimbia. Kutoka Kabiro tukakata Ngong Road, tukashuka Kibera, Khamala nyuma yangu na aproni yake ya kazi, watu wakituachia njia wakidhani ni mwizi na mwenye mali. Yule bwana alisema kweli kuhusu foleni: kwenye kituo cha petroli magari yalikuwa yamelala mstari mrefu, na mimi nikayapita yote kwa miguu.

Barazani Makina ukoo ulikuwa umejaa. Wanawake wameketi chini, wamefunga leso viunoni. Mzee wa Kinubi alikuwa amewatolea mikeka yake na birika la kahawa. Dukani ndani simu ilikuwa mezani, na kando yake mtu wa ukoo ameishikilia laini ya Mbita. Nilimsikia akisema, "Ndiyo, wanaliona boti. Linakaribia. Wanauliza waendelee?"

Jaduong' Nicanor alikuwa ameketi kwenye kigoda chake akishona soli ya viatu vyeusi vya kike. Nikavitambua. Ni viatu vya Apiyo, alivyoviacha kwake vitengenezwe tulipohama. Alikuwa anavimaliza ili azikwe navyo.

Aliponiona akasimama. Watu wote wakanigeukia, hata waliokuwa wakilia.

"Jaduong'," nikasema.

Akatoa misumari midomoni, mmoja mmoja, akaiweka kiganjani, akanisogelea akanitazama machoni.

"Sema, mwanangu. Wanangoja neno langu."

Nikafungua mdomo. Ule ule. Uliomtukana bosi mwenye tumbo, uliomuua mke wangu Jumapili mbele ya watu hawa hawa bila hata kutetemeka.

Haukutoa sauti.

"Sema," akarudia Jaduong', na nyuma yake yule mtu wa simu akainua mkono. "Wameshalishusha sanduku," akasema. "Wanauliza nyundo iko wapi."